Bata nilikamata na mikono

Leo mujukuu wangu alipasua firigisi ya kuku (kuku ya siku hizi haina utamu, lakini tuache), na ile harufu ikanirudisha ku matope ya ziwa kule Pweto, wakati nilikuwa mutoto. Baba alisemaka: mutoto mwenye kuleta bata, tutaenda naye kuwinda. Mi binti, bunduki sina. Lakini nikaona bata moja imekaa tu, shingo inalegea, haikimbie. Nikaikamata na mikono, nikakimbia nayo nyumbani, roho inaruka.

Mama akaipasua. Firigisi ilijaa masasi, tule tudogo twa risasi ya kuwindia bata.

“Yaya, ulipiga na bunduki ya wapi?” badogo yangu bakanicheka.

“Ni masasi yetu bawindaji, bata inaiokotaka chini ya maji,” baba akasema. “Inazania ni tumawe twa kusagia chakula. Kesho tunaenda kuwinda, mama,” akanigusa kichwa.

Tukakula yote; kama ni sumu ya ile masasi ililegeza bata shingo, hatukujua. Masasi nikagawia badogo, bakamung'unya kama bonbon ya sukari.