Mita Sita na Robo

Hakuna mtu katika kitongoji cha Bantog aliyeujua uwanja wa mpira wa kikapu kama Dikto Sumang, kwa sababu yeye ndiye aliyeuchora. Alikuwa fundi rangi na refa, mwembamba, ulimi mkali, subira kiduchu. Miaka kumi na tisa mfululizo, kila Aprili, kabla ya ligi ya sikukuu, alipiga magoti juu ya saruji ile akairudishia mistari iliyokwanguliwa na reki za wavunaji.

Maana uwanja ule ulikuwa na kazi mbili. Jioni vijana walicheza. Mchana, msimu wa mavuno, watu walianika mpunga, na kila nyumba ilijua mpaka wake kwa mistari ya Dikto. Ndani ya upinde wa pointi tatu, upande wa kanisa, alianika Mwenyekiti Rufo Galvez. Nje ya upinde huo kulikuwa na ukanda wa hatua mbili wa Pasing Verdejo, mjane, aliyepewa nafasi wengine wote walipokwisha kujichukulia. Hakuna walioandikiana mkataba. Mstari ulitosha.

Jambo hilo lilimkera Dikto tangu zamani. "Mstari wangu si mpaka wa shamba!" alizoea kufoka. Kwake, kila mstari ulikuwa na sababu. Ule wa mitupo huru upo ili aliyepigwa kiwiko apate haki yake bila kuzongwa. Boksi la chini ya kikapu lipo ili pandikizi la mtu lisisimame pale kutwa likidaka kila mpira: sekunde tatu, toka! Na upinde upo ili mfupi anayethubutu kutupa kutoka mbali alipwe ujasiri wake. "Yote hii," alisema, "imechorwa ili mkubwa asile peke yake."

Mwaka huo Mwenyekiti alimwita, akamtupia karatasi kutoka wilayani. Mashindano ya vitongoji yangefanyika Bantog endapo tu uwanja ungekuwa na vipimo vipya. Upinde utoke mita sita na robo, uende sita na robo tatu.

"Nusu mita tu, Dikto. Ndivyo wanavyocheza dunia nzima."

"Dunia nzima ina uwanja wa mita kumi na tano, Mwenyekiti. Wetu kumi na tatu. Kwa upinde wa sasa mtu wa kona anabana kisigino kisitoke nje. Huo wako utatoka nje ya uwanja, uingie mtaroni. Atupe akiwa amesimama wapi, juu ya mbwa wako alalaye humo?"

"Wewe paka rangi. Ya kona tuachie wenyewe."

"Na mpunga wa Pasing?"

Mwenyekiti alicheka kwa pua. "Mstari ukisogea, watu wanasogea. Au siku hizi unaoga kwa ajili ya yule mjane?"

Dikto akaelewa. Karatasi ilikuwa ya kweli, na uroho nao ulikuwa wa kweli. Nusu mita kuuzunguka upinde mzima ilikuwa theluthi ya jua la Pasing, na Rufo ndiye angeanika pale.

Jioni Pasing alimjia nyumbani. Hakukubali kuketi.

"Kaka Dikto, nasikia unanipunguzia jua."

"Sijapaka kitu."

"Na ukipaka? Mpunga wangu umo kwenye magunia, mbichi, umeshaanza kupata joto. Kesho kutwa utaota ukungu. Nianike wapi, mgongoni kwako?"

"Kamfokee Rufo."

"Rufo hajui kushika brashi. Mimi namfokea mwenye brashi."

Akaondoka, akamwacha Dikto hajui amkasirikie nani kwanza.

Asubuhi alifika uwanjani na kopo la rangi nyeupe, brashi, kigingi na uzi. Alikuta vibarua wa Mwenyekiti hawakuungoja hata mstari. Walikuwa wamemwaga mpunga hadi nusu mita nje ya upinde wa zamani. Pasing alisimama mbele yao na reki, magunia yake yamelala miguuni.

"Subiri rangi ikauke, mama," kibarua mmoja alimcheka. "Tutakuonyesha kwako ni wapi."

Dikto aliinama. Alifunga kigingi chini ya kikapu, akauvuta uzi, akapima mita sita na robo. Kisha akachovya brashi, akaanza kuufuata upinde ule wa zamani. Alipofika kwenye mpunga hakusimama. Alipaka saruji, akapaka na mpunga, punje zikageuka nyeupe na kuganda chini.

"We mwehu! Huo mpunga wa Mwenyekiti!"

"Wa Mwenyekiti uko ndani. Huu uko kwenye mstari. Na ule pale ni mwizi."

Kibarua mmoja akakimbia kumwita bosi wake. Pasing hakungoja. Aliishika reki kwa mikono miwili, akausukuma mpunga wote wa nje kurudi ndani, ukipita juu ya rangi mbichi, gunia zima la Rufo likaharibika. Halafu akapasua magunia yake, akamwaga.

Rufo alikuja na taulo begani.

"Lete filimbi! Hapa wewe si refa tena. Kachezeshe kuku!"

"Kuku wana adabu kuliko wewe," Dikto alijibu, akamtupia filimbi miguuni, akarudi kwenye uzi wake. Ilibaki robo ya upinde.

Mpunga wa Pasing ulikauka siku ya tatu. Siku hiyohiyo wilaya ilihamishia mashindano kitongoji jirani, na vijana ambao Dikto aliwafundisha kudunda mpira wakaja kurusha mawe juu ya bati lake. Alitoka kifua wazi, akasimama barazani, akawaita kwa sauti, mmoja mmoja, kwa jina lake na jina la mama yake, mpaka mawe yakakoma.