Anasuka nywele chuoni ili kaka yake aoe

Saa moja asubuhi, Jumamosi, kibarazani mwa hosteli ya wasichana mjini Butiama, Nyamburi Mugeta amebana mabega ya Happyness kwa magoti yake. Mkono wa kushoto unagawa nywele, wa kulia unavuta rasta. Pembeni wasichana wawili wanasubiri zamu.

"Tulia wewe. Ukitikisika utatoka na mistari kama barabara ya kwetu Nyamuswa," anamwambia.

Happyness, mtoto wa mjini, Kamunyonge, Musoma, anacheka huku machozi yakimlenga.

Nyamburi anasoma kilimo, mwaka wa pili. Kichwa kimoja ni shilingi elfu kumi na mbili, na wikiendi nzuri husuka vinne. Wenzake wakishika hela kama hiyo hubadilisha simu. Yeye hununua mitamba.

Mwezi uliopita mhadhiri aliuliza darasani nani anaridhika na maisha yake. Mkopo ulikuwa umechelewa, maji hosteli yamekatika, na ajira ndiyo usiseme. Mkono wa Nyamburi ulinyooka peke yake. Darasa likaangua kicheko.

"Waliona najipendekeza kwa mwalimu. Hawajui mimi nimeponea wapi," anasema.

Alipomaliza kidato cha sita, posa ilikuja nyumbani na baba yake akapokea ng'ombe. Kwa desturi ya kwao, mahari ya binti ndiyo humwozea kaka yake. Werema, kaka yake pekee, tayari alikuwa na mchumba, Selestina wa kijiji jirani. Yaani ng'ombe wale walikuwa mke wake, wamesimama zizini.

Kisha majibu ya chuo yakatoka, Nyamburi amechaguliwa. Werema alimkuta jikoni analia. Kesho yake alifungua zizi, akawaswaga ng'ombe wote mpaka kwa mwenyewe aliyewaleta, mchana kweupe, watu wamejipanga kumtazama kijana anayemfukuza mke wake kwa fimbo.

Walimcheka vilabuni na hata nje ya kanisa. Baba yake alimnunia msimu mzima. Mwandishi wa habari hizi amekutana na wasomi wengi, lakini moyo kama ule hajauona mara nyingi.

Kwa simu kutoka Nyamuswa, Werema haoni kama alifanya jambo la kusimuliwa.

"Huyu mdogo wangu alikuwaga anasomea pale jikoni, sisi tumelala," anasema. "Ningeoa na zile ng'ombe, sawa. Sasa kila nikikamua si ningekuwa namkamua yeye?"

Selestina amemngoja mpaka leo, ila mzazi wake amechoka. Ameshasema kwamba mavuno ya mwaka huu yakipita bila mahari kukamilika, kuna mwingine ameshabisha hodi. Ng'ombe wanaotakiwa ni wanane.

Wanne amewatafuta Werema kwa pamba na vibarua. Watatu wametoka kwenye vidole vya Nyamburi. Vichwa vya leo ndivyo vinavyomalizia bei ya wa nane.

"Watu wananionaga kama nalipa deni. Silipi kitu mimi," anasema huku akifunga fundo la mwisho kichwani mwa Happyness. "Nina furaha tu, na mtu mwenye furaha hawezi kukaa bure."

Akimaliza chuo anataka kurudi Nyamuswa kufuga kisasa na kaka yake, ng'ombe wachache wenye maziwa mengi. Lakini kwanza harusi. Kwao kupeleka mahari ni kazi ya wanaume, wanawake hubaki nyumbani wakipika. Juzi Nyamburi alimpigia baba yake kumwambia kwamba safari hii ataswaga ng'ombe na yeye, bega kwa bega na Werema.

"Nilijua baba atafoka," anasema. "Yeye akaniuliza kama nina viatu vya kutembelea."