Unga wa Mama Ulioliwa na Wageni

Chinsaga ikichemka haiombi ruhusa. Harufu yake kali na chungu hupenya chini ya mlango, ikateremka ngazi na kuingia kwa jirani kabla hujafunika sufuria. Kwetu Kebirigo, nchini Kenya, ukiisikia harufu ya mboga hiyo njiani unajua nyumba ile ina mgeni au ina mwanamke aliyejifungua, na miguu yako inapunguza mwendo yenyewe. Lakini nilipokuwa msichana wa miaka kumi hatukuwa Kebirigo. Tulikuwa China, katika mji mmoja wa bara, orofa ya sita, ambako baba alikuwa akisomea shahada ya uzamifu. Mama alichemsha chinsaga mara moja tu mle ndani. Baba aliingia, akafungua madirisha yote na baridi ile, akasema kwa sauti ya mtu anayeogopa kusikika, "Mama Nyaboke, hapa si kijijini. Majirani watasema tunapika nini?" Nyaboke ni mimi. Mama alizima jiko, nami nikaona aibu pamoja na baba, kwa sababu watoto huona aibu kwa kuambukizwa.

Mama alikuwa mjamzito tulipoondoka nyumbani, na kwa ajili hiyo bibi, mama yake baba, alikuwa amemfungia mfuko wa unga wa wimbi na furushi la chinsaga iliyokaushwa juani. Wimbi lilitoka kwenye kipande chake cha shamba chini ya majani chai, alichokipalilia akiwa ameinama mpaka mgongo ukamgomea. Alipomkabidhi alisema mbele yetu sote, baba akiwemo, "Huu si wa kula kila siku. Huu ni wa siku utakapojifungua." Hakuhitaji kueleza zaidi. Kwetu mwanamke akijifungua hapewi chakula chochote tu kilichopo. Hupewa uji mzito wa wimbi asubuhi na jioni, na chinsaga iliyolazwa kwenye maziwa mpaka uchungu ukaisha, ili damu iliyomwagika irudi na maziwa yateremke. Unga huo huwekwa kando, na hata mtoto akilia njaa hachotewi humo. Mama aliuficha chini kabisa kwenye kabati, katikati ya masweta, na kile kidogo cha chinsaga alichopika siku ile ilikuwa hamu ya ujauzito iliyomshinda. Baada ya hapo hakuugusa tena mzigo ule.

Tulikula tulichopata sokoni. Soko lilikuwa nyuma ya majumba yetu, na mama alikuwa akinichukua kwa sababu nilikuwa nimeokota maneno ya Kichina shuleni. Mboga zilikuwa tele, mbichi, zimefungwa vizuri kwa majani makavu, na mama alikuwa akizigeuzageuza akitafuta sura anayoijua. Siku alipokuta mchicha alicheka peke yake mpaka muuzaji naye akacheka. Siku nyingine alinunua unga mweupe, laini, akidhani ni wa mahindi, kumbe ulikuwa wa mchele unaonata. Alisonga ugali, na mwiko ukasimama wima katikati ya sufuria ukakataa kutoka. Tuliuvuta sote wawili tukicheka, tukaishia kula mayai. Baba hakuwa na shida hizo. Alikula chuoni, akarudi akitusifia tambi za huko, na akamwambia mama kwamba tatizo lake ni kutotaka kujifunza.

Kisha chuo chake kikaandaa siku ya wanafunzi wa kigeni, kila mmoja alete chakula cha kwao. Baba alirudi nyumbani amechangamka, akaenda moja kwa moja kwenye kabati. Mama alisema, "Huo ni wa mtoto." Baba akajibu, "Maprofesa wangu watakuwepo. Ni wageni, Mama Nyaboke. Kwetu mgeni anapewa nini?" Hapo ndipo alipomfunga. Kwetu mgeni wa heshima hupewa ugali wa wimbi, na mwanamke anayemnyima mgeni wimbi lililo ndani ya nyumba atasemwa mpaka kanisani. Mama hakuweza kusema wageni wapewe kingine. Imenichukua miaka mingi kuona jinsi maneno yale yalivyokuwa ya uongo, na kila nikiyakumbuka damu inanichemka: wageni gani? Wenyeji walikuwa wale maprofesa, kwao, kwenye ukumbi wao. Wageni tulikuwa sisi. Mgeni mkubwa kuliko wote alikuwa bado hajazaliwa, na unga ulikuwa wake.

Mama alisonga ugali kwa unga wote ule akiwa na tumbo lililomzuia kusogea karibu na jiko. Baba, yule wa majirani watasema nini, safari hii hakufungua dirisha hata moja. Chinsaga nayo ilipikwa yote. Ukumbini watu walipiga picha, wakauliza mbona ugali una rangi ya udongo, wakamega kipande kidogo kwa ncha za vidole, wakatabasamu na kuelekea kwenye meza ya nyama choma. Baba alisimama amevaa suti akieleza historia ya Abagusii, watu wetu. Alipigiwa makofi. Watu walipotawanyika, wahudumu walipita na mifuko ya taka, wakakomba sahani moja baada ya nyingine. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha ukutani, mikono juu ya tumbo, akiangalia ugali ukiingia kwenye mfuko. Nilimwomba twende nyumbani. Alisema tumsubiri baba, bado anaongea na watu.

Kesho yake tulikung'uta mfuko wa unga juu ya gazeti, tukapata wa kujaa kiganja. Mama aliufunga kwenye karatasi tukarudi nao sokoni, kutoka kibanda hadi kibanda, akiwaonyesha wauzaji. Walinusa, wakaonja kwa ulimi, wakaitana. Mmoja alituletea unga wa ufuta, mwingine viungo vya supu, mwingine unga wa mtama ambao mama aliukubali kwa macho na kuukataa alipouonja. Mwishowe mwanamke mmoja mnene wa makamo, aliyeuza nafaka, aliangalia tumbo la mama badala ya karatasi. Alichota punje ndogo za njano, akaweka na sukari nyekundu, akaeleza huku akiashiria kubembeleza mtoto. Nikamtafsiria mama nilivyoweza: kwao mwanamke akijifungua hupewa uji wa nafaka hii. Mama alimshika yule mwanamke mkono kwa muda mrefu. Tulipofika nyumbani alionja uji ule, akasema, "Si wetu. Lakini huyu ameelewa." Mtu aliyeelewa alikuwa muuzaji asiyejua hata Kenya iko wapi.

Ndugu yangu alizaliwa, na maziwa yakachelewa. Labda yangechelewa hata kwa wimbi, sijui, mimi si daktari. Najua mama alikunywa uji wa njano huku machozi yakimtoka, mtoto akilia kifuani, na baba akaleta maziwa ya kopo akasema siku hizi watoto wote wanalelewa hivyo.

Sasa mimi ni mama, ninaishi Kisii mjini, na watu waliorudi kutoka China juzi wananiambia mambo yamekuwa rahisi. Unaagiza unga wa wimbi kwa simu, unaletewa mlangoni, na kuna maduka ya Waafrika yenye kila kitu. Baba amestaafu Kebirigo, na kila akipata wageni huwasimulia alivyowalisha maprofesa wa China ugali wa wimbi. Mwezi uliopita, nilipokuwa nimewatembelea, walikuja rafiki zake wawili wa kazini zamani, watu wa Mombasa, kwa hiyo mazungumzo yalikuwa ya Kiswahili. Akasimulia makofi, akasimulia picha, akamalizia kwa kicheko, "Na huyu mama watoto alihangaika na masoko bure! Siku hizi si unga wa wimbi unapatikana tu huko?" Wageni walicheka. Mama naye alicheka, kama anavyocheka kila mara, na kicheko hicho ndicho kilichonimaliza.

"Baba," nikasema, "ule unga ulikuwa wa Mama."

Baba alinitazama kama mtoto aliyeropoka ibadani. "Nyaboke, kuna wageni. Ule unga ulikuwa wa nyumba."

Nilifungua mdomo nimjibu, lakini mama alinitangulia. Hakupaza sauti. Aliweka chini chupa ya chai aliyokuwa akimiminia wageni, akamtazama mumewe, na kwa mara ya kwanza nikasikia alichonyamazia tangu orofa ile ya sita.

"Ulikuwa wangu," alisema. "Na nilikuwa na njaa."