Vidonge Nilivyopeleka Mkokotoni

Nilikwenda Mkokotoni kwa sababu ya jirani yangu wa Mpendae, Bwana Khamis, fundi mwashi tunayepakana naye ukuta. Alikuwa amelazwa hospitali mjini, na Ijumaa baada ya sala nikaenda kumtazama, madafu manne mkononi kama ilivyo ada yetu. Nilimkuta amelala kando ya mashine, mipira miwili imejaa damu yake, mmoja ukiitoa na mwengine ukiirudisha. Muuguzi aliyaona madafu akanizuia mlangoni.

"Hayo rudi nayo, kaka. Figo zake haziyawezi."

Niliona haya. Tangu nizaliwe sijasikia dafu likimdhuru mgonjwa.

Nikamwuliza Bwana Khamis imekuwaje, mtu aliyekuwa juu ya kuta za watu mwezi uliopita tu. Akasema ni mgongo. Kila siku mgongo, na kila siku vidonge viwili vya manjano, miaka na miaka, akivinunua dukani kama mtu anavyonunua sukari. Presha nayo ilikuwa juu na yeye hana habari. "Nlikuwa naona miguu inavimba, nikasema nimesimama sana," aliniambia. "Nilipokuja kupimwa, nkaambiwa figo zishachoka."

Muuguzi, macho yake kwenye mashine, akasema figo ni kama kifumbu cha kuchujia tui. Kikianza kuchanika hujui, mpaka siku unapoyaona machicha ndani ya mchuzi. Vidonge vile vya maumivu, ukivimeza kila siku, na zaidi ukiwa na presha au hunywi maji, vinakichana kidogo kidogo na mwenyewe husikii kitu.

Nilitafuta benchi nikakaa. Vidonge vya manjano nilivijua vizuri. Kwa miaka saba nimekuwa nikivipeleka Mkokotoni kwa dada yangu, Bi Mize. Mtu wa mjini haendi shamba mikono mitupu. Wenzangu hupeleka mikate na majani ya chai. Mimi nilipeleka mikate, majani ya chai na kopo la vidonge vya mgongo, kwa kuwa siku moja aliniambia vimemsaidia. Nilijiona ndugu mwema kweli kweli. Na dada huyu ndiye aliyenilea mama alipofariki, hata kunyoa ndevu kwa mara ya kwanza alinisimamia yeye.

Jioni nilishika simu mara tatu nikaiweka. Habari kama hii nikaona haifai kusemwa kwa simu. Nikamwambia mke wangu kuwa asubuhi naondoka.

Jumamosi, saa moja asubuhi, Mpendae. Mke wangu alinifungia mkate wa kumimina, nikautia kwenye kikapu cha vespa. Juu ya rafu lilikuwepo kopo jipya la vidonge nililokwisha kumnunulia dada kwa safari ijayo. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kulichukua, kwa mazoea. Nikaurudisha.

Mtaa wa Amani nilipita mbele ya kibanda changu ninapotengenezea mafriji. Karibu na uwanja wa mpira wazee wa rika langu walikuwa wakikimbia, fulana zimerowa jasho. Siku nyengine ningewacheka. Mimi zoezi langu ni kuisukuma vespa inapokataa kuwaka. Asubuhi ile niliwatazama kwa wivu.

Mahonda nilisimama kupoza injini. Pembeni yangu mashamba ya miwa, na mimi nimekaa juu ya jiwe najifunza maneno ya kumwambia dada. Kwanza nilipanga kusema kuwa vidonge vya siku hizi ni vibovu. Halafu nikaona bora nimtupie lawama mwenye duka. Nikapata na njia ya tatu, ya kusema nimesikia tu kuwa si vizuri kuzidisha. Zote zilikuwa na kitu kimoja: ndani yake mimi sikuwemo. Niliwasha vespa nikaendelea kupitia Donge, na aibu yangu nyuma imepakia.

Saa tatu na nusu, Mkokotoni. Sokoni samaki walikuwa wameshamwagwa na watu wananadi. Nyumbani kwa dada nilikuta mlango umefungwa, nikajua yuko dikoni, pale pwani vyombo vinaposhusha dagaa. Wanawake wa pale huwachemsha dagaa kwa maji ya chumvi kwenye masufuria makubwa, kisha huwaanika juu ya nyavu, na kuwageuza mpaka wakauke. Kazi yote ni ya kuinama, na kivuli hakuna. Nilimwona kwa mbali akijiinua, mkono kiunoni, akasimama hivyo kwa muda kabla ya kuweza kutembea.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Haji! Kuna msiba?"

"Hapana msiba. Nimekuja kukuona tu."

"Alhamdulillahi. Umenishtua." Akafuta mikono kwa kanga. "Basi umekuja wakati mzuri. Vile vidonge vyangu vishanishia. Na hawa wenzangu nao wavitaka."

Sikuelewa. "Wenzako gani?"

Alinicheka. Akanionesha wanawake waliokuwa wakigeuza dagaa, mmoja baada ya mwengine. Kila asubuhi, kabla ya kuinama, huwagawia. Wengine hufunga viwili vitatu kwenye pindo la kanga, pale wanapofunga na pesa ya matumizi, wavimeze jua likiwa kali. "Wanaviita vidonge vya Haji," alisema, na alisema kwa fahari. "Unaombewa dua hapa, wewe hujui."

Nilikuja na hofu ya mtu mmoja.

Nikauliza, ili niseme kitu, kama wamekunywa maji tangu asubuhi. Wakacheka wote. Mama mmoja mnene, aliyekuwa akichochea moto, akanijibu: "Tunywe maji, baba, halafu tukojoe wapi? Wanaume hao wamejaa pwani nzima. Choo mpaka sokoni. Sie hatunywi mpaka alasiri, tukirudi majumbani." Kumbe kutokunywa ndiyo stara yao. Kiu, chumvi, jua na kidonge cha manjano, kila siku ya kazi.

Adhuhuri, nyumbani kwa dada. Alinipikia wali na mchuzi wa changu, nikasema nitakula baadaye, akaniangalia kwa macho yale ya zamani, aliponilea.

"Haya, sema. Hukuja kuniona tu weye."

Nilimweleza habari ya Bwana Khamis, tangu vidonge mpaka mashine. Alisikiliza bila ya kunikatiza. Nilipotaja miguu kuvimba, akainua kidogo ukingo wa gauni, akaubonyeza mguu kwa kidole juu ya kifundo. Akatoa kidole. Kishimo kilibaki pale pale. Tulikitazama wote wawili.

"Mie nlidhani uzee," alisema.

"Ni mimi, dada. Mimi ndiye niliyekuletea."

"Nyamaza kwanza, Haji. Nivae tukapimwe."

Saa nane mchana, kituo cha afya. Muuguzi wa pale, kijana wa kike mwenye sauti ya upole, alimpima presha mara mbili, halafu akampa kikopo cha mkojo. Muuguzi aliporudi na kijiti cha kupimia mkojo alisema presha iko juu sana, na kwenye mkojo kuna protini inayovuja, kitu ambacho figo nzima hazikiachi kipite. Alimwambia asimeze tena kidonge hata kimoja cha vile vya manjano. Akampa barua ya kwenda mjini kupimwa damu. "Uje pia na wenzako, Bi Mize," alimwambia. "Kupima presha ni mara moja tu. Tatizo hawaji mpaka waumwe, na figo haiumi."

Jumapili asubuhi nilimpakia dada kwenye vespa. Alikaa upande, buibui amelikusanya mapajani, mkono mmoja kanishika kiuno. Tulipofika Bububu aliniuliza sikioni kama ile mashine ya Bwana Khamis inauma. Nikasema sijui, sikumwuliza. Nilifurahi kuwa nimeelekea mbele na haoni uso wangu, maana machozi yalikuwa yananitoka na nilikuwa nasingizia upepo.

Jumatatu, mjini. Damu ilitolewa asubuhi, na majibu tukayasubiri mpaka saa saba kwenye benchi lililojaa watu kama sisi, kila mmoja ameshika bahasha yake. Daktari alikuwa mtu wa makamo, hana haraka. Alisema figo za dada zimepungua nguvu, lakini hazijafika pa kuhitaji mashine. Hakutaka kuvitwisha vidonge mzigo wote. Presha ya miaka isiyotibiwa ina mkono wake, na kiu nayo, na chumvi.

"Kilichoharibika hakirudi, Bi Mize. Kilichobaki tukikilinda, kinaweza kukutosha."

"Nkilinde vipi?"

"Dawa ya presha kila siku, hata ukijiona mzima. Chumvi punguza. Maji kunywa kwa siku nzima, usingoje alasiri. Mgongo ukiuma njoo tukutazame, usijitibu kwa dawa ya dukani wala ya miti kabla hujatuuliza. Na urudi kupimwa kila nitakapokwambia."

Dada aliyarudia yote kwa sauti, kama mtoto wa chuo cha Kurani, asije akasahau. Kisha akauliza: "Na wenzangu?" Daktari akasema nao wapimwe. Dada hakumtazama tena daktari. Alinigeukia mimi.

Tulipotoka nje alikaa kwenye ngazi za hospitali akavua viatu, miguu ipumue.

"Haji, mie sikudai kitu. Ulileta kwa mapenzi, na mie nkapokea kwa mapenzi. Lakini utarudi na mie dikoni, useme mwenyewe. Wakisikia kwangu watasema Bi Mize kachoka kugawa."

Ningependa kuandika hapa kuwa nilikubali mara moja. Sivyo. Nilimwambia nina friji mbili za watu kibandani, na kwamba barua ya daktari inatosha. Akavaa viatu vyake. Mpaka tunafika Mpendae nilikuwa nimeshakata shauri kurudi naye.

Jumanne, saa nne asubuhi, dikoni. Dada aliwaita wakaja, wengine na magamba ya dagaa mikononi. Nilisimama mbele yao, nikasema yale ambayo Mahonda niliyakimbia. Kwamba mimi si daktari bali ni fundi wa mafriji. Kwamba niliwaletea dawa nisiyoijua, mwaka baada ya mwaka, bila ya kumwuliza mtu inafanya nini ndani ya mwili. Kwamba figo za dada yangu zimepungua na hazitarudi kama zilivyokuwa. Nikawaambia habari ya maji na ya presha. Nikawaomba radhi.

Kilichofuata sikukitarajia. Yule mama mnene alishika pindo la kanga yake, akafungua fundo, akatoa vidonge viwili vya manjano akaviweka juu ya sufuria lililofunikwa. Akafuata mwengine. Wakafungua mafundo mmoja mmoja, mpaka juu ya kile kifuniko pakawa na rundo dogo. Hapana aliyenitukana. Ingekuwa afadhali wangenitukana.

Wa mwisho alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka kama thelathini, jina lake Riziki. Yeye aliviweka vyake, halafu hakuondoka.

"Mama yangu alikuwa akianika hapa," alisema. "Alivimba miguu, kisha uso, kisha akawa hapumui vizuri. Tulisema karogwa. Naye akimeza hivi hivi. Ndivyo vilivyomuua?"

Watu wote walinitazama, na dada yangu mmoja wao. Ulimi ulikuwa tayari kusema hapana.

"Sijui, Riziki," nilisema. "Wallahi sijui. Inawezekana."

Alitikisa kichwa, si kwa hasira. Alifunga kanga yake vizuri kiunoni, akawaambia wenzake moto uzimwe, dagaa wa leo wasubiri.

Saa tano, kituo cha afya. Tulikwenda kwa miguu, wanawake kumi na moja na mimi nyuma yao. Njiani walikuwa wameshaanza kupanga habari ya choo: wapige ua wa makuti upande wa nyuma ya diko, wenyewe, wasingoje mtu, wapate kunywa maji kwa heshima. Nilisema nitaleta mabati. Yule mama mnene akasema nilete mabati na nisilete kitu kingine, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa nikacheka. Nimejifunza kwao kuwa mapenzi peke yake hayatoshi kumpa mtu dawa. Sharti ujue unampa nini. Na nimejifunza kuwa ugonjwa huu haugongi mlango. Lazima uende ukautafute mwenyewe, ungali mzima, kwa mashine ya presha na kikopo cha mkojo.

Muuguzi alitukaribisha kwa furaha, akaweka kiti kimoja mbele ya meza, wengine wakabanana kwenye benchi na mkekani.

"Haya, nani aanze?"

Walitazamana. Riziki akaninyooshea kidole mimi, niliyekuwa nimesimama mlangoni kama msindikizaji.

"Aanze yeye. Haji, weye ushapimwa lini?"

Nina miaka hamsini na sita. Hata siku moja sijawahi. Nikaenda nikakaa, nikakunja mkono wa shati. Kitambaa kikajaa upepo, kikanibana, kikalegea taratibu. Muuguzi akasoma, akakifunga upya akapima mara ya pili, kama alivyompima dada. Kisha akavuta daftari lake na kuandika jina langu, likawa la kwanza juu ya ukurasa.

"Usiondoke, kaka," aliniambia. "Kaa hapo na wenzako."