Notisi Iliyokula Ngege

Juzi nilipanga foleni kwa chifu, Homa Bay. Mbele yangu mama mmoja mpangaji alikuwa akimshtaki mwenye nyumba wake, mzee aliyesimama pale pale akichokonoa meno.

"Chifu, ameuza nyumba bila notisi. Ati nitoke Jumamosi!"

"Notisi gani tena?" mzee akasema. "Si nilimletea mnunuzi, wakaonana uso kwa uso?"

"Ulisema ni mgeni! Nikawapikia ugali na samaki, ngege wa ziwani. Kwetu mgeni haulizwi kilichomleta kabla hajala."

"Na alipokula?" chifu akauliza.

"Alisifu jikoni, akaenda."

Chifu akapiga miayo, akawaambia warudi wiki ijayo.

Mimi pia nimepanga nyumba. Jana mwenye nyumba wangu alibisha hodi akiwa na mtu nisiyemjua. Nikahema, nikabandika maji ya ugali.