Kisumaku Nilichobandika kwenye Mlango wa Leza

Admin, ficha jina langu, na hata kaunti usitaje, maana Wakenya wa Doha tunajuana kwa kukohoa tu.

Mimi ni mama wa watoto wawili, miaka 37. Nimesomea fizikia mpaka digrii ya pili, upande wa mwanga. Kule nyumbani nikisema nafanya kazi ya leza wananiuliza kama natoa watu ndevu. Wueh! Hapana jamani, leza zetu zinakata chuma. Huu ni mwaka wa sita niko kwenye karakana moja hapa, na mwanafizikia ni mimi peke yangu. Wateja wakija bosi ananiita "Doctora". Wakitoka, Doctora anaambiwa atoe vikombe vya chai. Mume wangu na watoto wako Kenya.

Sasa sikilizeni vizuri. Leza yetu iko ndani ya kabati kubwa la chuma lenye mlango. Mwanga wake hauonekani kwa macho, kwa hivyo mlango una swichi: ukiufungua tu, leza inazima yenyewe. Mwaka jana ikaja oda ya mabomba marefu ambayo hayangeenea ndani mlango ukifungwa. Bosi akanijia juu: "Wewe si mwanafizikia? Yalla, tafuta dawa, mteja anangoja!" Nikatafuta. Nilichukua kisumaku kidogo, nikakibandika kwa selotepu kwenye swichi, mashine ikadhani mlango umefungwa. Dakika tano. Bosi akanipigia makofi mbele ya watu wote, na mimi mjinga nikavimba kichwa.

Oda ikaisha, bosi akasema kisumaku kikae, ati kazi inaenda haraka. Nikasema sawa. Sikupinga, sikuandika mahali popote. Sisi wa zamani tulijua, tukawa tunavaa miwani ya kazi na kujichunga. Baada ya muda nilikizoea hata nikawa sikioni tena.

Mdogo wa mume wangu naye alikuwa soja wa mlangoni kwenye hoteli, analala kambini Al Wukair na wenzake, anasimama juani masaa kumi na mbili. Mama mkwe kila simu ni hiyo hiyo: "Mwanangu, si umtoe mwenzio kwenye hilo jua?" Nikamtoa. Nikamwombea kazi kwetu, nikamfundisha mimi mwenyewe. Siku ya kwanza nikamwambia yale maneno ambayo kila mtu wa leza anafundishwa: "Shemeji, kitu kikikwama ndani usiogope, fungua mlango tu, leza itazima." Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu, na kisumaku kiko pale pale.

Miezi mitatu tu. Kipande cha chuma kikakwama, akafungua mlango vile nilivyomfundisha, akavua miwani akijua leza imezima, akainama akitoe. Mwanga uligonga chuma ukamrukia jicho la kulia. Hakuona chochote. Anasema alisikia tu kitu kama bisi ikipasuka ndani ya kichwa. Daktari akatuambia katikati ya jicho pameungua na hapatapona. Sasa akifunga lile jicho zima akanitazama, anaona masikio yangu na kitambaa changu cha kichwa, lakini uso hauoni.

Nikiwa bado hospitalini naye, bosi alikibandua kile kisumaku akakitia mfukoni. Kesho yake akaniita ofisini akaongea polepole, kama mtu mwema: "Doctora, ripoti unaandika wewe. Andika huyu mtu alichezea swichi. Khalas, yaishe. Ukiandika lingine, watauliza nani aliharibu mlango, na wewe unajua jibu."

Nikitia sahihi, shemeji anafutwa kwa uzembe na anarudishwa nyumbani na jicho moja, akiitwa mharibifu. Nisipotia, ni mimi wa kujibu polisi katika nchi ya watu, na bosi atasema hajawahi kuona sumaku maishani mwake. Ushahidi sina. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nimechuma, na huyu maskini amekula peke yake.

Nimemchukia bosi mpaka sitaki hata kusikia sauti yake. Lakini bosi hajui swichi inafanyaje kazi. Aliyejua ni mimi. Masomo yote yale, wazazi wangu wakauza ng'ombe, mwisho wake ni kudanganya mlango ili nipigiwe makofi! Mume wangu hajui. Mama mkwe jana amenipigia analia: "Mungu akubariki, umemuuguza kama umemzaa wewe." Nilikata simu nikasingizia mtandao.

Kinachonimaliza kabisa ni shemeji mwenyewe. Hajui habari ya kisumaku. Jana alikuja kwangu Al Mansoura, bandeji jichoni, akaketi akainamisha kichwa: "Shemeji, nisamehe. Wewe ulinifundisha vizuri, sijui nilibonyeza nini. Nimekuaibisha kazini kwako." Nikamkorogea chai.

Kabla ya kuondoka aliniachia karatasi. Ameandika barua ya kumwomba bosi msamaha, mistari imepanda na kushuka kwa sababu haoni vizuri. Ananiomba niisome, nirekebishe palipo na makosa, ndipo aipeleke Jumapili, wiki ya kazi ya huku ikianza.

Nimeketi nayo tangu asubuhi. Wenzangu, msinihurumie, niambieni ukweli: nifanyeje? Kwa sababu mpaka saa hii nimeisoma mara nne, na kitu pekee nilichofanya ni kumwekea koma.