Ndimu Nilizopanda Nazo Mlimani

"Yakhe, tumeshafika Mkoani?" aliniuliza, na mimi nikamjibu, "Karibu."

Hatukuwa kwenye boti ya Pemba, ile inayotia nanga bandari ya Mkoani. Tulikuwa juu ya mlima wa bara, saa tatu asubuhi, rafiki yangu kaegemea jiwe, midomo imekuwa ya zambarau, kifua chake kinakoroma kama mrija unaofika chini ya dafu. Alikohoa, likatoka povu lenye wekundu. Mimi nilikuwa namsogezea kipande cha ndimu puani. Hakuuliza kitu tena. Kiongozi wetu na mpagazi walimbeba wakashuka naye mbio, mimi nyuma yao na kofia yake mkononi. Kabla hatujafika kwenye miti alikuwa ameshakata roho.

Mlima siutaji jina kwa sababu hauna kosa. Wenye kosa ni watu watatu, na mmoja ni mimi.

Shule niliishia darasa la saba, na yeye hivyo hivyo. Tulikua pamoja mtaa wa Amani, Unguja, tukafanya upapasi pamoja, kukimbilia wageni bandarini na kuwashika mikoba kwa nguvu, mpaka tajiri mmoja mwenye ofisi ya utalii Shangani akatupa vitambulisho tukawa watembeza wageni wa haki. Kwa miaka ishirini tumewaonesha watu milango ya Mji Mkongwe. Cha juu kabisa tulichowahi kupanda ni ngazi za nyumba ya ghorofa nne, na baridi tuliyoijua ni ya barafu ya sokoni.

Mwaka juzi tajiri akataka kuuza safari za milimani. Alisema wageni wanaoshuka mlimani huja kupumzika pwani, kwa nini pande zote mbili zisiwe zake. Akataka picha: watembezaji wake wawili, watu wa Unguja, wamesimama kileleni na kitambaa chenye jina la ofisi.

"Mlima kitu gani?" alituambia. "Ni kutembea tu, na nyinyi kazi yenu kutembea."

Tulifurahi, sitasema uongo. Tulinunua majaketi ya mitumba Darajani, lake lilikuwa la kike, lina maua begani. Siku ya mwanzo tulipanda tukicheka. Yeye alikuwa mbele, ananigeukia: "Vipi mzee, nikutafutie punda?" Tulipokaa kupumzika akaangalia huku na huku akasema mlima gani huu, hauna hata muuza kahawa.

Siku ya pili alinyamaza. Adhuhuri tulipofika kwenye kibanda cha kulala alikuwa anatapika, kichwa kinamgonga, anapumua kama katoka mbioni na huku kakaa. Kiongozi, mtu wa huko huko bara, akaweka sikio mgongoni kwake, akasema: "Huyu ashuke leo hii. Mapafu yanajaa maji."

Hapo simu ilikuwa inashika. Kiongozi akampigia tajiri, sauti ikawa ya wazi, sote tunasikia. Tajiri akasema, "Nipe mtu wangu." Nikapokea.

"Wewe si mtu wa kisiwani? Hujaona mtu akitapika? Boti inageuzwa kwa sababu mmoja anatapika?"

"Haigeuzwi," nikasema.

"Basi mpe ndimu, alale, atazoea. Kesho nataka picha, watu wawili. Mkishuka bila picha msije ofisini."

Akakata.

Na ndimu nilikuwa nazo. Nilizichukua nyumbani, nne, kwa sababu sisi hatusafiri bila ndimu. Ukipanda boti ya Pemba na bahari ikakulevya, unanusa ndimu, unalala chali, unafumba macho, na hakuna anayekushughulikia, kwa sababu ugonjwa ule hauna hatari na boti itafika. Hilo ndilo nililokuwa nalijua, na nilipanda nalo mpaka juu.

Kiongozi akaniambia, "Wewe ndiye ndugu yake. Ukisema tushuke, tunashuka sasa hivi." Yeye alijua ule ugonjwa, akamwachia asiyejua aamue. Huyo ndiye mwenye kosa wa pili.

Rafiki yangu akanishika suruali. "Nishushe, yakhe. Mimi nshashindwa. Nnataka kushuka."

Nikamwambia, "Lala tu. Ni kama bahari, utazoea."

Kitu kimoja sikukifikiri pale, nimekifikiri kila siku tangu pale. Yeye hajawahi kulevywa na bahari hata mara moja. Kwenye boti zote tulizopanda anayetapika ni mimi, na anayenikatia ndimu ni yeye.

Kumekucha tukampandisha. Alipanda kwa sababu nilimwambia.

Tumemzika Mwanakwerekwe. Tajiri alikuja matangani na kanzu nyeupe, akaleta magunia ya mchele, akakaa karibu na mama wa marehemu, akasema kwa upole: "Bi Mkubwa, tulimsihi ashuke. Alikuwa mbishi, hakusikia. Ndiyo kadari." Mimi nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka pale. Nilikula ule mchele.

Zaidi ya mwaka mzima nikienda Kiembe Samaki kumsalimia mama yake, nikishampa shikamoo na kuitikiwa marahaba, ananiuliza lile lile, na ndege zinapita juu ya bati mpaka inabidi arudie: "Mwanangu, kwa nini hakusikia? Udogoni hakuwa mbishi."

Mwezi uliopita nimemwambia yote, na langu pia. Hakulia wala hakunifukuza. Akasema, "Kwa hivyo alitaka kurudi." Nikasema ndiyo. "Basi aliyesema mwanangu mbishi aje aniambie mwenyewe."

Nilikwenda ofisini kufikisha maneno hayo. Tajiri alicheka, akasema nimechanganyikiwa, na siku hiyo hiyo akaninyang'anya kitambulisho alichokuwa kaniachia tangu msiba. Ukutani kwake ipo picha ya mlima. Imepigwa kutoka chini, hamna mtu.

Mimi sitegemei kitu. Marehemu harudi, na mimi ndimu siwezi kuinusa tena, hata kwenye supu. Kadari naikubali, lakini kadari haikupiga kelele kwenye ile simu. Ulipiga wewe.

Tajiri, nyumba unaijua, ulileta mchele. Bi Mkubwa hukaa barazani kila siku baada ya laasiri. Nenda ukamwambie ulisema nini siku ile, kwa maneno yale yale, na umwambie mwanawe aliomba kushuka. Nitakuwepo. Utakapofika kwenye sehemu yangu, nitaje, nami nitaitika.